Jina la Uongo la Mashine Nyeupe

Jumatatu, 6 Mei

Umeme hakuna tangu siku tatu. Paneli zangu mbili juu ya mabati ndizo zinalisha nusu ya mtaa wetu wa Kimanga. Simu mezani zimepangwa kama samaki wa ndagala walioanikwa kwenye turubai. Nimekula muhogo. Mguu wa kushoto unauma kama kawaida.

Masasi ya bunduki asubuhi upande wa milima, halafu kimya. Wateja wakaja tu. Muntu anaweza kulala njaa, lakini simu lazima iwake. Watu wanatafutana.

Niliwapigia tena hadithi ya simu ya satelaiti ya kanali, namna niliifungua kwa pini ya nywele na yeye amesimama nyuma yangu na bastola. Walicheka sana. Humu ninaandika peke yangu, basi: kanali hakuwepo. Ilikuwa simu ya dereva wake, na haikuwaka. Pini ilikuwepo.

Mchana, kazi ya orodha. Niiandike vizuri, siku moja nitasahau ilianzaje. Riziki, binti ya marehemu dada yangu, anasomea ordinateri, hizi kompyuta, kule Bukavu. Alipokuja Noeli aliandika programu ya watu waliopotezana katika vita. Anayetafuta ndugu anajaza fishe, karatasi ya maelezo yake. Anayepatikana mahali naye anaandikiwa fishe. Za mjini anazikusanya Mama Leokadia wa kamati ya parokia. Za bonde la Ruzizi anaziingiza mwalimu mmoja kule kwenye kituo cha shule, kwa kamashine kake kadogo kama sahani ya sabuni, na kila Ijumaa motari, dereva wa pikipiki, ananiletea kle, kale kakijiti ka kubebea orodha. Ninachomeka, orodha zinaungana. Unaandika jina, mashine inajibu: yuko kituo fulani. Ao: hakuna habari.

Orodha ya mji mzima iko kwangu. Kwa Enjenieri. Hilo jina nilijipa mwenyewe, sasa hata padri analitumia. Minye niliyeishia mwaka wa pili wa sekondari.

Jumanne, 7 Mei

Mama Esta alikuja kabla ya kwenda sokoni, na beseni lake la ndagala kichwani. Anakuja kila siku. Mtoto wake Esta, miaka minane, alimtoka mkononi siku walipokimbia kutoka bondeni, wakati watu wanasukumana kupanda lori. Nikaandika jina. Hakuna habari. Akasema, asante, Enjenieri. Kila siku anasema asante. Kwa nini asante?

Alhamisi, 9 Mei

Wameichukua mashine kubwa, ile ya orodha. Watu wanne na bunduki, saa nne asubuhi, mlango wazi. Wakang'oa nyaya, wakaichukua na batri moja na redio.

Nimewaambia majirani nilimshika mmoja shati nikamwuliza mama yake alimfundisha nini. Kweli yenyewe: nilikuwa chini ya meza. Niliona viatu tu. Mmoja alikuwa na ndala.

Programu ya Riziki ninayo bado kwenye kle ya akiba. Mashine ya kuiendesha sina.

Ijumaa, 10 Mei

Motari ameleta kle ya bondeni. Ninaishika mkononi kama barua ambayo siwezi kuisoma.

Mama Leokadia alikuja. Akasema tumwombe muuguzi wa kituo cha afya, ana kalaptop, tuazime hata saa moja kila siku. Nikakataa. Nikasema, Mama, orodha iko kwa Enjenieri, haiendi kuombaomba dawati kwa watu wa sindano. Kesho mchana itakuwa inafanya kazi.

Kesho mchana. Kwa mashine gani? Hapo sikujua. Halafu nikakumbuka ile nyeupe.

Jumamosi, 11 Mei

Ile nyeupe ni laptop ya zamani ya padri mzungu aliyerudi kwao. Iko kwangu miaka, chini ya mfuko wa chaja. Kijana mmoja wa Bujumbura aliyeachiwa aliiwekea kompilateri na vitu vyote, akaileta kwangu kutengenezwa, kisha akakosa pesa ya kuikomboa. Niliichomeka kwenye jua. Ikawaka. Nilijipigia makofi.

Nikatia programu ya Riziki. Nikaandika amri aliyonifundisha. Ikakataa.

Nieleze kwa nini, maana ninajua kwa nini, na hapo ndipo ubaya ulipo. Programu ni maandishi tu. Kompilateri inayageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kutenda. Na mashine hazifanani ndani, prosesa zao ni za kabila mbalimbali. Nilipotumia neno hilo Riziki alinikata: Mjomba, sema aina. Kabila tumeshachoka nayo. Basi, aina mbalimbali. Na kompilateri ya kila mashine inazaliwa na majina yake tayari, hakuna muntu anayaandika. Ile kubwa yangu ilijijua yenyewe kuwa ni __x86_64__. Kale kamashine ka mwalimu kanajijua kuwa ni __arm__. Riziki ameweka maswali mwanzoni mwa programu: kama jina ni hili, soma orodha hivi. Kama ni lile, soma vile. Ameyaandika majina manne, yale aliyoyapima kwa mikono yake. Na chini, kwa jina lingine lolote, aliweka mstari huu. Nilimwona akiuandika. Alikuwa ananitazama minye.

#error "Simama. Mashine hii siijui. Uniulize kwanza."

Ndiyo maneno yaliyotokea leo kwenye kioo. Kumwuliza Riziki, hakuna njia. Simu za Bukavu hazishiki tangu Jumatano.

Nikaiuliza kompilateri iseme majina yake yote, kwa amri ileile aliyonionyesha. Orodha ndefu kama ya ubatizo wa Pasaka. Katikati nikaona __powerpc__. Haiko kati ya yale manne. Nikaona pia __BIG_ENDIAN__. Riziki aliwahi kunieleza habari ya ncha kubwa na ncha ndogo ya namba, minye nikaitika ndiyo ndiyo huku ninatafuta bisibisi.

Mashine iliniambia kila kitu. Iliniambia ni nani. Niliona.

Nikakumbuka barieri ya barabarani katika vita ile ingine, askari walipouliza kila muntu ni nani na wa wapi, na minye nikasema ni daktari wa ng'ombe, wakanipisha. Hii kwa bahati mbaya ni ya kweli. Nikafikiri: mashine nayo ni vilevile. Nikafuta mstari wa Riziki. Na juu ya maswali yote nikaandika wangu:

#define __i386__ 1

Yaani nimeiambia mashine nyeupe: weye ni ingine, moja ya zile nne. Ikaamini. Ikapita bila neno.

Nikajaribu jina la shemeji yangu, tunayemtafuta tangu mwaka jana. Jina likatoka safi, kijiji safi, miaka safi. Hakuna habari. Sawasawa. Nikajaribu wengine wawili ninaojua hawajapatikana. Hakuna habari, hakuna habari. Sawasawa kabisa.

Saa sita na nusu nilimpigia Mama Leokadia. Nilisema mchana, na mchana ikawa.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa padri alitangaza kwamba orodha imerudi. Watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimevaa koti la arusi. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilisikia vizuri moyoni, siwezi kukana.

Mchana kulikuwa na mstari wa watu mpaka kwa fundi viatu. Jina, hakuna habari. Jina, hakuna habari. Watu walipokea, wakaondoka. Nikasema vita vimekuwa vibaya wiki hii.

Mama Esta alikuwa karibu wa mwisho. Nikaandika. Esta, miaka minane, kila kitu chake kikatoka, na chini: hakuna habari. Hakuondoka. Akasema sokoni wanasema watoto wengine walipanda na wachungaji mpaka Bijombo, juu milimani. Aende, ao asubiri kle ya Ijumaa ijayo?

Ningesema sijui. Ni neno fupi.

Nilisema: Mama Esta, kle ya bonde imesomwa yote. Mashine haidanganyi. Kama angekuwa bondeni ningekuwa nimemwona. Panda Bijombo. Minye mwenyewe nilipanda kule kwa usiku mmoja, kwa miguu, na mtoto wa ng'ombe begani.

Sijawahi kufika Bijombo.

Jumatatu, 13 Mei

Wameondoka alfajiri. Kaka mdogo wa Mama Esta, Sadiki, ni motari. Amesema atamfikisha mpaka pikipiki ishindwe, kisha watatembea wote wawili. Walipita hapa. Sadiki alipiga honi. Nikawapungia mkono kama waziri.

Jumatano, 15 Mei

Niandike tu.

Baba Tabu alikuja kuchaji redio yake. Ni mzee wa bondeni, analala parokiani tangu mwezi wa pili. Mtu wa mchezo. Akasema, Enjenieri, hebu nitafute na minye, nione kama bado ninahesabiwa. Fishe yake niliiingiza mwenyewe: kituo cha parokia. Nikaandika jina lake ili tucheke.

Hakuna habari.

Akainama kwenye kioo. Akasema: kumbe ndiyo maana chakula changu kinapungua, nilishapotea. Watu wakacheka. Minye nikarudi kwenye vibonye.

Niliandika muuza mkate, ambaye najua yuko kituo cha stadi, pale uwanja wa mpira. Hakuna habari. Niliandika mapacha waliokwisha kupatikana kituo cha shule. Hakuna habari. Kila aliyepatikana amepotea tena. Wale tu ambao kweli hawana habari ndio mashine inawasema sawa, na minye niliijaribu kwa hao tu.

Nikafunga duka. Nikaenda kwa muuguzi na kle mbili, bila koti. Alinipa dakika kumi. Nilitia programu kama Riziki alivyoiandika, na mstari wake umerudi mahali pake. Haikusimama, ile laptop ni kati ya yale majina manne. Ikasoma kle ya Ijumaa.

Esta. Miaka minane. Yuko: kituo cha shule, bonde la Ruzizi.

Aliandikwa Alhamisi. Alikuwa mfukoni mwangu tangu Ijumaa. Jumapili, mama yake amesimama mbele yangu, alikuwa ndani ya mashine, na minye nikamtuma mama mlimani.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Watu kumi na saba niliowajibu tangu Jumapili. Tisa walikuwa na habari njema, na minye niliwanyima. Mama mmoja alikuwa ameshanyoa nywele za msiba.

Nilisema mashine iliharibika. Hivyo nilisema, mlango hadi mlango. Mashine iliharibika. Walinipa pole.

Simu ya Mama Esta haipatikani. Ya Sadiki haipatikani.

Jioni Bukavu ikashika kidogo. Riziki alifurahi kunisikia hai. Nikasema orodha inatoa majibu mabaya, nafikiri ni virusi. Akauliza, Mjomba, ule mstari wa simama uko? Nikasema uko. Akauliza, sasa imewezaje kupita? Nikasema sauti inakatika. Sauti haikuwa inakatika.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekodi pikipiki kuwafuata. Niliaga watu wa Kimanga kama muntu anayekwenda kumkamata simba.

Tulifika barieri ya pili. Vijana wenye macho mekundu. Waliuliza ninakwenda wapi, minye ni nani. Mdomo ukakauka. Ule mdomo wote. Sikuwa daktari wa ng'ombe, sikuwa kitu. Mmoja akacheka akasema, mzee, rudi kwenu. Nikarudi.

Nilimwambia mke wangu barabara imekatika. Aliniwekea maji ya mguu.

Minye ni mwoga. Nimeandika.

Jumapili, 19 Mei

Sikwenda misa.

Nimemwandikia Riziki ujumbe. Niliuandika mara tano, kila mara nikijiweka vizuri kidogo, kisha nikafuta. Wa mwisho ulikuwa hivi: Nilifuta mstari wako. Niliandika __i386__ kwenye mashine ambayo ni __powerpc__. Niliona jina lake la kweli kabla sijaandika la uongo. Mama mmoja amepanda Bijombo kwa ajili hiyo.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili. Hakutukana. Ningependa atukane.

Ameeleza kama kwa mtoto wa shule, na safari hii nimesoma mpaka mwisho. Mashine nyeupe inaandika namba kuanzia ncha kubwa, zetu zote zinaanzia ncha ndogo. Majina ya watu ni herufi moja moja, na miaka ni namba ya kipande kimoja, hayo hayana ncha, ndiyo maana yalitoka safi yakanidanganya. Lakini kituo ni namba yenye vipande viwili. Parokia ni moja. Mashine nyeupe ikiisoma kinyume inaona mia mbili hamsini na sita, kituo ambacho hakipo, basi inajibu hakuna habari. Na asiye na habari ni sifuri. Sifuri hata uigeuze namna gani ni sifuri.

Mwishoni ameandika kwamba na yeye ana kosa. Namba isiyojulikana alipaswa kuifanya ipige kelele, si kuitupa kwenye hakuna habari. Anataka kunipunguzia mzigo. Ana moyo wa mama yake. Lakini mzigo ni wangu, sitaki apunguze.

Jumatatu, 20 Mei

Riziki ametuma mistari ya kuongeza, kwa vipande, kwa sababu simu zinakatika. Nimeinakili kwanza kwa kalamu, herufi kwa herufi. Jina la tano, la mashine nyeupe, na chini yake namna ya kugeuza namba kabla ya kuisoma. Ule wangu wa uongo nikaufuta. Ule wa simama nikaurudisha.

Nikaendesha. Ikasimama. Simama, mashine hii siijui. Zamani ningekasirika. Nilikaa nikaangalia karatasi na kioo, karatasi na kioo. Niliandika kistari kimoja mbele ya jina, na vinatakiwa viwili mbele na viwili nyuma. Kwa kistari kimoja tu ilikataa kuniamini. Nikasema kwa sauti, vizuri. Mke wangu akafikiri ninaongea naye.

Ikapita. Nilikwenda kulinganisha na laptop ya muuguzi, jina kwa jina, orodha nzima. Yote sawa. Nusu ya majina haikutosha, nilitaka yote.

Baba Tabu: yuko kituo cha parokia. Nilimwita aone mwenyewe. Akasema, basi leo nitadai sahani mbili.

Nilicheka kidogo. Halafu nikasikia tena honi ya Sadiki, nikaona mkono wangu ukipunga.

Jumatano, 22 Mei

Nimemwambia Mama Leokadia kila kitu. Kwenye benchi la parokia, mchana kweupe. Aliendelea kuchambua maharagwe. Alipomaliza akasema: nilikuambia twende kwa muuguzi. Nikasema ndiyo. Akasema: Mama Esta atakaporudi utamwambia weye. Usipomwambia, nitamwambia mie, na mie nitalisema kanisani.

Tukaenda bondeni kumchukua Esta, yeye na minye, nyuma ya gari la mihogo. Barieri mbili. Mama Leokadia ndiye aliongea.

Mtoto ni mwembamba, meno ya mbele mawili hayapo. Mwalimu alimkabidhi na fishe yake. Njiani akanitazama akauliza: Mjomba, ni weye mwenye mashine inayojua watu? Nikasema mashine ni ya mpwa wangu Riziki. Akataka nimpigie hadithi. Nilifungua mdomo, ikaja ile ya mtoto wa ng'ombe begani. Nikafunga. Nikasema sina hadithi leo.

Amelala kwa Mama Leokadia. Aliuliza mama yuko wapi. Tulisema amekwenda kukutafuta, anarudi.

Jumamosi, 25 Mei

Masasi mengi milimani tangu asubuhi. Moshi upande wa Bijombo, ao ni mawingu. Nimeuliza kila anayeshuka. Hakuna aliyewaona.

Ninaona haya hata kuomba Mungu. Niombe nini? Arekebishe kazi yangu?

Jumanne, 28 Mei

Amerudi.

Saa tano Mama Esta alisimama mlangoni, viatu havipo, miguu imefungwa vitambaa. Peke yake. Alikuja kwangu kabla ya nyumbani. Akauliza kama kle ya Ijumaa ilifika.

Nikasema Esta yuko kwa Mama Leokadia. Alikimbia na ile miguu. Nikamfuata, na mguu wangu. Nilifika akiwa amekaa chini uani, mtoto mapajani. Mama Leokadia alinitazama. Nikasubiri. Ningeweza kuondoka. Majirani walikuwa wameshaanza kunipongeza, Enjenieri amemtoa mtoto bondeni.

Mama Esta alieleza kidogo. Pikipiki ilishindwa siku ya kwanza, wakatembea. Kwenye barieri ya juu waliwapisha wanawake wakamzuia Sadiki. Walisema wana mizigo ya kubebwa. Alingoja siku tatu kwa wafugaji waliompa maziwa na viazi. Sadiki hakurudi. Wachungaji wakamshusha.

Ndipo nilisema. Nilisema nimesimama, kofia mkononi. Mama Esta, siku ile mtoto alikuwa kwenye orodha. Mashine haikuharibika. Minye niliiandikia jina la uongo ili ifanye kazi haraka, watu wanisifu, nayo ikasoma vibaya. Na Bijombo sijawahi kufika.

Aliuliza neno moja tu: siku gani?

Nikasema Jumapili.

Akahesabu. Nilimwona anahesabu. Akasema: basi Sadiki alikuwa bado hajaweka hata mafuta.

Akageuza uso. Mama Leokadia akanionyesha mlango kwa kidevu.

Jumatano, 29 Mei

Nimerudi kwenye zile nyumba. Nimesema mashine haikuharibika, ni minye. Milango kumi na saba. Wengine walinitukana. Mmoja alinipa chai, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Nimeingiza fishe ya Sadiki. Niliiandika kwa mkono wangu. Umri, kazi, jina la mama, alama ya kovu kwenye kidevu. Kituo: sifuri.

Ijumaa, 31 Mei

Masista wametoa kompyuta moja kwa ajili ya orodha, ya aina mpya kabisa. Watu walikaa kutazama. Niliendesha programu. Simama. Mashine hii siijui. Uniulize kwanza.

Mmoja akasema, Enjenieri, weye huwezi kuipitisha?

Nikasema siijui. Nikaizima, nikaifunika kitambaa. Nitamwuliza Riziki ikishika. Watu walitazamana. Hawakuwa wamewahi kusikia neno hilo kutoka kwangu.

Kibao cha "Enjenieri" nimekishusha. Mke wangu amekitumia kutengenezea mlango wa banda la kuku.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua ndogo asubuhi, ya kushangaza kwa mwezi huu. Simu kumi na moja tu. Umeme ulirudi saa moja, ukaondoka.

Mama Esta anapita kila siku na beseni lake. Hanisalimu. Esta anapunga mkono, mama anamvuta taratibu, bila hasira. Nimezoea, ao ninazoea.

Leo kle ilipofika alikuja. Alitua beseni nje, akasimama kwenye kizingiti. Nilikuwa nimeshaunganisha orodha. Sikumwuliza anataka jina gani.

Nikaandika. Sadiki. Miaka ishirini na sita, motari, kovu kidevuni. Hakuna habari.

Hakusema asante. Alitazama kioo. Halafu akanitazama minye, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ni mashine inasema, ao ni weye unasema?"

"Ni mashine."

Akaingia, akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Uliza tena."

Nikafuta jina lote. Nikaliandika upya, herufi moja moja, aone.